Roboti ya kupanda miti ije, lakini alipwe kwanza anayeulinda mti

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu kutoka Bagira, hapa Bukavu. Nilisoma habari mliyochapisha juu ya roboti zinazopanda miti kwenye milima mikali, halafu nikasoma barua ya msomaji aliyelalamika kwamba mashine hizo zikifika Bukavu zitawanyima vijana wetu kibarua. Mwandishi wenu alisifu, msomaji akapinga, lakini wote wawili walizungumzia kupanda tu, kana kwamba mche ukishaingia shimoni kazi imekwisha. Kazi yangu ni kuotesha miche. Mingi iliyopandwa kwenye miteremko ya mji huu imepita mikononi mwangu na mwa akina mama ninaoshirikiana nao, na mingi nimeiona ikifa. Kwa hiyo naomba nafasi ya kutosha, maana jambo hili haliniishi moyoni.

Wanangu walinitafutia mashine zenyewe kwenye simu, nikazitazama kwa makini. Huko Estonia, kampuni ya Milrem Robotics pamoja na Chuo Kikuu cha Tartu wametengeneza gari lisilo na dereva, linalotembea kwa minyororo kama tingatinga, lenye kubeba miche 380 kwa safari moja. Wanasema linapanda hekta moja kwa saa tano hadi sita na nusu, na kila mche linaoupanda linaandika mahali ulipo, ili siku ya kupalilia usikatwe pamoja na majani. Ureno, ambako misitu ya milimani huungua kiangazi baada ya kiangazi, vijana wawili wameunda roboti ya miguu sita waliyoiita Trovador, kwa ajili ya miteremko ambayo trekta haiwezi kufika. Wengine hutumia droni zinazodondosha mbegu zilizofunikwa kwa udongo na mbolea. Huko Myanmar zilitumiwa kwenye mikoko ya delta ya Irrawaddy, mahali ambapo wanavijiji walikuwa wamekwisha kupanda mamilioni ya miche kwa mikono yao.

Sasa niwaeleze kupanda kwenyewe kulivyo huku kwetu, kwa sababu wengi wanaotoa maoni hawajawahi kusimama kwenye mteremko wakiwa na jembe. Chukua ukingo ulio juu ya mto Kawa, mwezi wa kumi, asubuhi ya baada ya mvua. Udongo ni mwekundu na unashika kwenye viatu mpaka mguu unakuwa mzito. Miche haibebwi kichwani, utaanguka nayo. Inapangwa kwenye gunia na gunia linaning'inia mgongoni kwa kamba ya paji la uso, vilevile mama zetu wanavyobeba magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka bandarini. Mpandaji anajifunga kamba kiunoni na kuifunga kwenye kisiki kilicho juu yake. Kabla ya kuchimba shimo anachimba kwanza mahali pa kuweka mguu. Udongo wa shimo anautupa upande wa chini, ajenge kituta kidogo cha mviringo ili maji ya mvua yasimame hapo badala ya kuteremka na mche. Halafu anapasua kwa wembe sashe, kile kifuko cha plastiki cha mche, na kutazama mzizi. Ukiwa umejizungusha chini ya sashe ni lazima aukate, la sivyo mti utasimama miaka mitatu, upendeze, na siku moja ya upepo utalala chini na kuondoka na udongo wote uliokuwa unaushikilia. Akishaupanda anaubana kwa ngumi, maana kisigino hakina pa kusimama, na kuufunika kwa majani makavu. Fundi mzuri anafanya hivyo mche baada ya mche tangu alfajiri mpaka jua likiwa utosini.

Kuna miteremko ambayo hata fundi mzuri simpeleki. Mwaka juzi kijana mmoja wa kwetu aliniambia, "Mama, huu udongo unatembea," na kabla sijamjibu ulikatika chini ya miguu yake. Kamba ilimshika, lakini bega lake lilitoka. Alipona, na leo anafanya kazi kwenye kitalu, ila kwenye ukingo ule hakurudi tena, wala sikumwomba arudi. Kwa mahali kama pale, roboti ya miguu sita ningeipokea kesho asubuhi, na msomaji wenu anisamehe: kibarua cha kumvunja mtoto wa mtu shingo sitaki kukilinda.

Hapo ndipo ninapokubaliana na mashine. Mengine yote ninayotaka kusema ni juu ya kinachofuata baada ya kupanda.

Mche uliopandwa mwezi wa kumi una miezi minane hivi ya kujikaza kabla mvua haijakatika. Mwezi wa kwanza majani yanaupita urefu. Usipopaliliwa mara mbili au tatu mwaka huo wa kwanza, matete yanaufunika na unaoza kivulini. Ukiupalilia, mbuzi anauona. Akina mama wanaopanda maharagwe ya kutambaa wanahitaji vijiti, na mche wa grevilea wenye urefu wa mtu ni kijiti kizuri kuliko vyote; siwalaumu, kwa sababu maharagwe yanaliwa mwaka huu na mti unaliwa baada ya miaka kumi. Kisha unaingia mwezi wa sita, jua la miezi mitatu, na kwenye mteremko hakuna anayepandisha ndoo ya maji kwa ajili ya mche. Ukivuka hapo, mwenye kiwanja anakuja kukata mlima apate uwanja wa nyumba, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza siku ya kupanda, hana sababu ya kuuonea mti huruma. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo roboti ya Estonia au ya Ureno inalizuia. Itapanda haraka kuliko sisi, na miche yake itakufa haraka vilevile.

Tumeshaona miti inavyohesabiwa siku ya kupandwa. Mwaka 2019 taifa letu lilitangaza bustani za shule, miti bilioni moja kufikia 2023. Kila tarehe 5 Desemba, Siku ya Mti, wakubwa wanafika na kofia mpya, wanapigwa picha wakishika jembe, hotuba inasomwa, kila mtu anarudi nyumbani. Si Congo peke yake. Uturuki, tarehe 11 Novemba 2019, walipanda miche milioni 11 kwa siku moja, na miezi michache baadaye chama cha wafanyakazi wa kilimo na misitu kikasema kwamba katika sehemu walizokagua mpaka asilimia 90 ya miche ilikuwa imekufa, kwa sababu ilipandwa wakati usiofaa na maji hayakutosha. Serikali yao ilikanusha. Mimi sikuwako, siwezi kuamua nani mkweli, ila sababu walizozitaja nazijua moja moja, kwa kuwa ndizo zinazoua miche yangu. Mashine itaongeza idadi inayosomwa kwenye hotuba. Mtu atasimama na kusema tumepanda laki tano kwa wiki moja, mtapiga makofi, na mwezi wa tisa mteremko utakuwa mwekundu vilevile.

Nataka wasomaji waujue mfano wa Rio de Janeiro, huko Brazil, kwa sababu mji ule unafanana na wetu kuliko mji wowote wa Ulaya: milima ndani ya mji, nyumba za wanyonge zimening'inia juu ya makorongo, mvua ikizidi watu wanafukiwa. Mwaka 2024 Rio walianza kufanya kazi na kampuni ya Kifaransa iitwayo Morfo, inayorusha mbegu kwa droni. Habari hiyo ilizunguka duniani kote. Habari ambayo haikuzunguka ni kwamba tangu mwaka 1986 mji huohuo una mpango wa kuwalipa wakaaji wa mitaa ya milimani wenyewe, wapande miti juu ya nyumba zao na kuitunza. Zaidi ya hekta 3,000 zimerudi kuwa msitu kwa njia hiyo. Kwa hiyo droni ya Rio haikukuta mlima mtupu na watu wasiojua miche. Ilikuta karibu miaka arobaini ya vibarua waliozoea kupanda na kupalilia, na ofisi ya mji iliyozoea kuwalipa. Sisi tunataka kuanza na droni, ambayo kwao ilifika mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wenu hakuligusa, nalo ni mbegu. Si kila mbegu inakubali kurushwa. Mbegu ya mkaratusi ni ndogo mno, kiganja kimoja kinatosha mlima. Inakaa muda mrefu, haisumbui. Lakini chukua Prunus africana, ule mti unaochunwa gome kwa ajili ya dawa ya tezi dume ya wazee. Mbegu yake ukiianika ikakauka, imekufa. Inataka iokotwe, isafishwe, ioteshwe upesi, na kisha ikae kitaluni chini ya kivuli mpaka iwe na nguvu. Miavoka ndiyo hivyo hivyo. Kwa hiyo tukiwaachia wenye droni wachague, watachagua kinachopita vizuri kwenye mashine yao, na baada ya miaka kumi milima kutoka Bagira mpaka Kabare itakuwa mikaratusi mitupu. Mikaratusi ninaiotesha, inaniletea fedha, na mji unaopika kwa makala hauwezi kuishi bila hiyo. Ila chini yake majani hayaoti vizuri, na kwenye mteremko ni majani yanayopunguza kasi ya maji kabla hayajaanza kubeba udongo. Ukitaka mlima usimame, changanya: miti yenye mizizi mirefu, vichaka vya kaliandra na matete yaliyopandwa kwa mistari ya kukata mteremko, mianzi kwenye ukingo wa mto. Kazi ya namna hiyo inataka mtu anayeutazama mlima na kuamua hapa nini na pale nini.

Na hizo mbegu za kurushwa, nyingi haziwi miti. Panya wanazila, ndege wanazila, nyingine zinaota kwenye mvua ya kwanza na kukauka jua likikaa wiki moja. Wenye mashine wanajua hivyo, ndiyo maana wanarusha nyingi. Kenya wana njia ninayoipenda zaidi: mbegu moja inafungwa ndani ya kidonge cha vumbi la makala, panya na ndege hawaioni, inangoja mvua. Watoto wa shule huzirusha kwa manati. Wao wanazitumia zaidi kwenye nchi kavu kwa miti ya jamii ya migunga. Kwetu ingebidi tujaribu miti ya kwetu. Lakini vumbi la makala, Ndugu Mhariri, kila soko la Bukavu linalitupa. Kabla ya kuagiza droni tungeweza kujaribu hilo msimu huu huu kwenye kuta za makorongo ambazo mtu hafiki.

Nimetaja droni, na ni lazima niseme lililo moyoni mwa kila mtu wa Kivu. Huku kwetu droni imebeba mabomu. Mtoto akisikia ule mlio angani hasubiri kujua imebeba mbegu au nini, anakimbia, na mama yake anamfuata. Anayewaza kurusha mbegu juu ya vijiji vya Kalehe au Walungu bila kwanza kukaa na watu kijiji kwa kijiji, na chifu wa eneo, na redio za kwetu, na bila kila anayebeba silaha kujua, atawaumiza watu kwa hofu kabla hajaotesha mti hata mmoja. Roboti ya kutembea chini haina tatizo hilo, ingawa ina la kwake: betri inataka umeme, na umeme wetu mnaujua.

Pamoja na hayo yote kuna mahali ninapoiona faida ya mashine hizi, na nitapataja. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Mvua ilinyesha Kalehe, mito ikashuka na mawe na matope juu ya Nyamukubi na Bushushu. Waliokufa walipita 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Dada mmoja tuliyekuwa tukiuziana mbegu alikuwa pale sokoni. Juu ya vijiji vile mlima ulibaki umechubuka, udongo wa juu umekwenda, mwamba na changarawe vimebaki wazi, na kila mvua inateremsha tena kidogo. Mtu kusimama pale na jembe ni hatari kwake na kwa walio chini. Hapo, mashine isiyo na mama wala watoto ndiyo ya kutumwa. Irushe mbegu za miti ambayo yenyewe hurudi ya kwanza mahali palipokatwa, Harungana na Trema kwa mfano, pamoja na mbegu za majani. Irudi msimu wa pili ikarushe tena, kwa sababu mara moja haitoshi. Nyingi zitapotea, sawa, lakini hatujamweka mtu hatarini kwa ajili yake. Atakayeleta roboti Kivu Kusini aanzie huko, asianzie kwenye mteremko mpole ulio kando ya barabara ambako picha ni rahisi kupigwa.

Na tusidanganyane kwamba mti unazuia kila kitu. Mzizi unashika udongo wa juu. Ule mlima wa Funu hapa mjini, ambao nyumba zake zinapasuka kuta mwaka baada ya mwaka, unateleza kutoka chini sana. Watafiti walioupima kwa setilaiti walichapisha mwaka 2022 kwamba kukua kwa mji juu yake kumeuongezea mwendo. Pale ukipanda hata mvule, utatembea pamoja na mlima. Watu wa Funu wanahitaji mitaro ya maji na mahali pengine pa kujenga. Asitokee mtu wa kuwapelekea roboti ya miti na kusema amewasaidia.

Ninachoomba ni hiki. Fedha ikitoka, iwe ya serikali au ya wafadhili, sehemu kubwa yake isitumike siku ya kupanda. Familia inayoishi kando ya mteremko ipewe miti yake kwa majina na ilipwe kila mwezi wa tisa, jua likishapita, kwa kila mti unaoonekana hai, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wa tatu ulipwe zaidi. Mwenye kiwanja akubali kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, kwa karatasi, na apewe miavoka au grevilea yake ya kuvuna, ili mlima uwe na faida kwake ukiwa na miti. Wenye mbuzi waitwe kwenye kikao hicho hicho. Kama kwa mpango wa namna hiyo mtu anataka kuongeza mashine ya kupanda kwenye sehemu zisizofikika, tutamwoteshea miche inayoingia kwenye mashine yake, hata kama itabidi tubadilishe ukubwa wa sashe zetu. Vijana ambao msomaji wenu anawahurumia watapata kazi ya miaka mitatu badala ya ile ya wiki moja ya Desemba. Na atafutwe kijana wa hapa hapa, wa chuo cha ufundi, afundishwe kuitengeneza, maana tumeshachoka kuona mitambo imelala kwenye majani kwa kukosa kipuri kimoja.

Gazeti lenu nalo naliomba kitu. Mlikuja Desemba iliyopita kuandika habari za Siku ya Mti, na idadi ya miche mliichapisha ukurasa wa kwanza. Mtumeni mwandishi yuleyule kwenye mteremko uleule mwezi wa tisa mwaka huu, ahesabu iliyo hai na kuichapisha ukurasa huohuo, hata kama ni michache. Akipenda, mimi na akina mama wa kitalu tutakwenda naye. Tunajua kila mstari ulipoanzia, na kwa iliyokufa tutamwonyesha kilichoiua: jino la mbuzi, panga au jua. Aje mapema, kabla ya saa tatu, kabla mvua za mchana hazijaanza kurudi, na avae viatu vya mpira.

Mama mwenye kitalu cha miche,
Bagira, Bukavu